Fundi wa Kasoro

Kuna kijisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani ambacho mpiga gita hukiweka sakafuni, mbele ya mguu wake. Waya kutoka kwenye gita unaingia upande mmoja, waya wa kwenda kwenye amplifaya unatokea upande wa pili. Akiikanyaga swichi, gita lililokuwa likilia safi linageuka. Sauti inayumba, inapanda na kushuka kidogo bila kuombwa. Makali ya juu yanafifia. Nyuma yake unasikika mvumo mwembamba usiokatika. Aliyekulia Tanzania kabla ya simu za mkononi ataitambua sauti hiyo papo hapo: ni kaseti, tena kaseti iliyopigwa sana, ndani ya redio iliyochoka.

Pedali za namna hiyo ziko kadhaa duniani. Mojawapo ya zinazosifika ni Generation Loss ya kampuni ya Chase Bliss, iliyoko Minneapolis nchini Marekani, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 2022 kwa bei ya karibu dola 400. Nataka kuusifu ufundi huo, na nitausifia kutokea Igoma, kwa sababu naamini maarifa yaliyofungiwa ndani ya kijisanduku hicho ni yale yale ambayo mafundi redio wetu wameyabeba vidoleni na masikioni kwa miaka mingi.

Igoma iko mashariki mwa jiji la Mwanza, kwenye Barabara ya Musoma. Ukiifuata barabara hiyo unafika Kisesa, ilipo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kisha Magu, Bunda, Musoma, na mwisho mpaka wa Sirari. Ni ukanda wenye magita. Huko mbele, karibu na Shirati, ndiko alikozaliwa D. O. Misiani mwaka 1940, aliyelieneza gita la benga pande zote za Ziwa Victoria mpaka alipofariki mwaka 2006. Kutoka upande wa pili, Dar es Salaam, Radio Tanzania ilileta solo za NUTA Jazz, za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na baadaye za Mlimani Park. Bendi ziliingia studio ya redio, zikarekodi kwenye mikanda mikubwa, nyimbo zikarushwa hewani. Santuri zilichapwa Nairobi, na haikuwa kila nyumba yenye gramafoni. Aliyetaka wimbo ubaki kwake aliweka kaseti kwenye redio, akasubiri, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja mtangazaji alipomaliza kusema. Kama kaseti ilikuwa ya dukani, iliyovunjwa vile vipande viwili vya mgongoni ili isifutwe, aliziba matundu kwa karatasi. Kesho yake jirani alikuja kunakili, na keshokutwa jirani wa jirani. Kila nakala iliongeza mvumo na kupunguza uang'avu.

Mvumo huo una asili yake. Philips waliionyesha kaseti kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1963. Lou Ottens, aliyeongoza kikosi kilichoibuni, alitaka kitu kinachoingia mfukoni, na udogo huo ulikuwa na gharama. Utepe wa kaseti haufiki milimita 4 kwa upana, na hupita mbele ya hedi, kile kichwa kinachousoma, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, wakati mikanda ya studio hukimbia sentimita 19 au 38 kwa muda huo huo. Utepe mwembamba unaotembea polepole hauna nafasi ya kubeba mengi. Sauti za juu kabisa hupotea, na chembe za sumaku zenyewe huanza kusikika.

Kuyumba kuna chanzo kingine. Utepe huvutwa na kijiti cha chuma kinachozunguka, ukiwa umebanwa na gurudumu dogo la mpira. Kijiti kikiwa na kombo isiyoonekana kwa macho, gurudumu likiwa limekakamaa, au mpira wa mota ukiwa umelegea, mwendo haubaki sawa. Ukiongezeka, noti inapanda, ukipungua, inashuka. Mpira uliolegea huleta kuyumba kwa polepole. Kijiti chenye kombo huleta mtetemeko wa haraka unaolikwaruza gita. Betri zikiisha nguvu, mota inazidiwa, na mwimbaji kijana anashuka hadi sauti ya mzee. Ndipo betri zilipotolewa na kuanikwa juani ili zimalizie angalau upande mmoja wa kaseti.

Fundi redio anayajua haya yote kwa kusikia. Mteja anafika kibandani na maneno mafupi: "Fundi, redio yangu inakokota." Au: "Inatafuna kanda." Fundi anaweka kaseti yake mwenyewe, ile anayoijua noti kwa noti, anainamisha kichwa, na kabla hajafungua hata skrubu moja amekwishajua pa kushika. Sauti ikiwa imezibwa, anachukua bisibisi ndogo na kuigusa skrubu iliyo pembeni mwa hedi, akiizungusha kidogo kidogo huku wimbo ukiendelea, mpaka gita la solo linapofunguka. Hapo hedi imekaa wima sawasawa na utepe. Akikuta vumbi la kahawia, anajua ni unga uliobanduka kwenye kanda za watu, naye anaufuta kwa pamba na spiriti. Kisponji cha ndani ya kaseti kikidondoka, anakata kingine na kukibandika. Kila kasoro ina mahali pake, na kazi yake ni kutoka kwenye sauti kuelekea mahali hapo.

Mtengenezaji wa pedali anaipita njia hiyo hiyo akitokea upande wa pili. Hana kijiti, hana mpira wa mota, hana utepe. Ana saketi inayoishika sauti ya gita kwa milisekunde chache kabla ya kuiachia. Muda huo wa kuishikilia ukirefushwa taratibu, noti inashuka, ukifupishwa, inapanda. Kwa hila hiyo moja, mota iliyochoka inafufuliwa bila kuwepo mota. Kisha anaongeza kichujio cha kukata sauti za juu, mvumo wa chini kwa chini, na ule mkatiko wa ghafla wa mahali utepe ulipobanduka unga wake. Kwenye Generation Loss, kuyumba kwa polepole kuna kitufe chake na mtetemeko wa haraka una kitufe chake, maana aliyeibuni alielewa kwamba ni magonjwa mawili.

Hapa ndipo heshima yangu inapoanzia. Kuharibu sauti ni kazi nyepesi. Toboa spika kwa msumari na umemaliza. Kuiharibu kwa namna ambayo sikio litaiamini ni kazi nzito. Sikio hugundua upesi wimbi linalojirudia kwa kipimo kile kile, na mashine halisi haijirudii hivyo: mpira huteleza leo hapa, kesho pale, na utepe una mkunjo wake pale ulipowahi kuliwa na redio. Kwa hiyo fundi wa pedali lazima asikilize mashine kwa makini zaidi kuliko aliyeitengeneza kiwandani. Yule wa kiwandani alipima ubora wake. Huyu anapima udhaifu wake, mmoja mmoja, na kuupa kila mmoja haki yake.

Kuna udhaifu mmoja ambao napenda kuutaja peke yake. Redio kaseti nyingi zenye maikrofoni ya ndani hujirekebishia zenyewe kiwango cha kurekodi. Kila mwaka, karibu na Juni, vyama vya Bagalu na Bagika hushindana kwa ngoma huko Bujora katika sikukuu ya Bulabo. Rekodi ngoma ya namna hiyo kwa redio kaseti na utasikia mashine inavyohangaika: ngoma inapolia, mashine inashusha kila kitu, hata sauti za waimbaji, ngoma inaponyamaza, inakinyanyua tena pamoja na vigelegele vya mbali, watoto na upepo. Mhandisi wa studio ataiita rekodi mbovu. Mimi nasikia ndani yake ukubwa wa uwanja na umbali wa watu, mambo ambayo rekodi safi ingeyafuta.

Yupo atakayeniuliza: tulivumilia sauti mbovu kwa kukosa, sasa mtu alipe dola 400 kuinunua? Swali ni la haki, na jibu langu linatoka kwenye kaseti zenyewe. Kaseti isiyopigwa haichakai. Iliyo safi mpaka leo ni ile iliyokaa kabatini. Iliyoyumba ndiyo iliyochezewa kwenye harusi, iliyoazimwa, iliyorudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri. Uchakavu wake ni kumbukumbu ya kusikilizwa, na mpiga gita anayeutafuta anatafuta ukaribu huo. Mwaka 1982 mwanamuziki Bruce Springsteen alirekodi nyimbo zake nyumbani New Jersey kwa mashine ya kaseti yenye njia nne, akazichanganya kwenye redio kaseti ya Panasonic. Baadaye alijaribu kuzirekodi upya studio na bendi yake. Hazikufikia zile za mwanzo, na ile kaseti ya nyumbani ndiyo ikawa albamu ya Nebraska.

Lakini sifa yangu ina dai ndani yake. Mashine zinazoigwa na pedali hizi zilichakaa katika nyumba za watu wengine, zenye umeme wa uhakika na kaseti za dukani. Zetu zilichakaa kwa namna yake. Zilikula vumbi la Barabara ya Musoma. Ziliendeshwa kwa betri za National zilizokwisha kuanikwa juani. Na kaseti zetu nyingi zilibeba tabaka mbili za kasoro, kwa kuwa wimbo ulifika Mwanza kwanza juu ya mawimbi ya redio, ukivimba na kuzama usiku kadiri anga lilivyotaka, ndipo ukaingia kwenye utepe. Solo ya Mlimani Park iliyonaswa hivyo ina sauti ambayo hakuna kitufe cha Minneapolis kinachoweza kuifikia, kwa sababu aliyetengeneza kitufe hicho hakuwahi kuisikia.

Saketi zenyewe si siri. Kijana aliyesomea elektroniki pale chuo cha ufundi cha VETA Mwanza anaweza kujifunza kuishikilia sauti kwa milisekunde na kuiachia. Anachokosa ni sikio lililokaa na mashine hizo miaka 30, na sikio hilo lipo, kwenye vibanda vya mafundi ambao siku hizi hubadilisha vioo vya simu kwa sababu redio kaseti haziletwi tena. Amwendee mmoja wao na daftari. Amuulize redio hulia vipi wiki moja kabla mpira wa mota haujakatika, mota hushuka kwa kasi gani betri inapokufa, na mawimbi ya usiku yalizama kwa muda gani kabla ya kurudi. Majibu hayo ndiyo vitufe vya pedali itakayotengenezwa Igoma, na mpiga gita atakayeikanyaga atasikika kama mtu wa hapa.