Asilimia 91 Mbele ya 86: Kipimo cha Damu Kabla ya Tiba ya Mionzi

Wanawake wawili wenye saratani ya matiti wanaweza kupewa dozi ileile ya mionzi, na miaka michache baadaye titi la mmoja likabaki laini huku la mwenzake limekakamaa kwa kovu la ndani. Watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na David Azria wa Montpellier walitaka kujua kama damu inaweza kuonyesha tofauti hiyo kabla tiba haijaanza. Damu kidogo hupigwa mionzi ya gray 8 maabarani, huachwa saa 48, kisha huhesabiwa asilimia ya limfosaiti za CD8 (aina ya seli nyeupe za damu) zilizokufa. Mashine ya kuhesabia ni ya jamii moja na zile zilizotumika kupimia CD4 katika kliniki za UKIMWI. Jambo la kushangaza ni kwamba mgonjwa ambaye seli zake hufa kwa wingi ndiye mwenye hatari ndogo ya kovu.

Mpango wa utafiti ulikuwa imara. Walioandikishwa katika vituo 10 walikuwa 502, na 456 kati yao wakaingia katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015. Damu ilichukuliwa kabla ya mionzi, hivyo matokeo ya tiba hayangeweza kuigeuza. Mtu angeweza kudai kwamba kovu lilitokana na dozi ya nyongeza ya mionzi, lakini wagonjwa 449 kati ya hao 456 waliipata. Kwa hiyo dozi hiyo haiwezi kueleza kwa nini wengine waliumia na wengine wakapona salama. Ninapotaka msomaji atulie ni kwenye tafsiri ya namba. Kwa waliopata kipimo cha asilimia 20 au zaidi, uwezekano wa kuepuka kovu lenye ukali wa daraja la pili na kuendelea ulikuwa asilimia 91. Inavutia, mpaka ukumbuke kwamba katika kundi zima kovu hilo liliwapata asilimia 14 tu, maana yake 86 katika kila 100 wangeliepuka hata bila kupimwa. Faida halisi ni pointi tano. Waliokuwa chini ya asilimia 12 nao, hatari yao ilipanda hadi asilimia 22.

Je, basi kipimo hiki hakina kazi? Sikubali. Kovu la daraja la tatu, ambalo ndilo huharibu maisha ya mtu, halikuonekana kwa yeyote aliyefikisha asilimia 12. Ni kweli kwamba madhara ya kiwango hicho ni adimu, kwa hiyo ushahidi huo unahitaji wagonjwa wengi zaidi. Ni kweli pia kwamba limfosaiti si seli zinazojenga kovu. Lakini njia mbadala, ya kuotesha seli za ngozi za mgonjwa maabarani, huchukua wiki kadhaa, na saratani haisubiri.

Kisichokubalika ni kumnyima mgonjwa mionzi kwa sababu ya kipimo cha chini. Watu 78 kati ya 100 wa kundi hilo hawakutarajiwa kupata kovu la daraja la pili, ilhali uchambuzi mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba, baada ya upasuaji unaohifadhi titi, mionzi hupunguza kurudi kwa saratani ndani ya miaka 10 kutoka asilimia 35 hadi 19. Kinachoweza kujadiliwa na mgonjwa wa namna hiyo ni dozi ya nyongeza peke yake.