Kisiwa cha Watu wa Ishara: Usawiri wa Uziwi katika Riwaya ya Show Me a Sign

Riwaya ya kihistoria inayoandikiwa vijana ina desturi moja inayochosha: mhusika mwenye ulemavu huletwa ili aponywe, au ili ustahimilivu wake uwafunze wengine shukrani. Show Me a Sign ya Ann Clare LeZotte, iliyochapishwa Marekani mwaka 2020, inaivunja desturi hiyo, na nguvu za kuivunja inazipata katika historia, si katika huruma. LeZotte mwenyewe ni kiziwi.

Msimulizi ni Mary Lambert, msichana kiziwi wa miaka 11, mkazi wa Chilmark katika kisiwa cha Martha's Vineyard mwaka 1805. Mahali hapo si pa kubuni. Familia chache zilioana zenyewe kwa zenyewe kwa vizazi kadhaa, na uziwi wa kurithi ukaenea. Utafiti wa Nora Ellen Groce wa mwaka 1985 unakadiria kwamba katika karne ya 19 mtu 1 kati ya 155 kisiwani alizaliwa kiziwi. Chilmark, 1 kati ya 25. Wenye kusikia nao walijifunza ishara tangu utotoni.

Sehemu ya kwanza ndiyo bora zaidi, kwa sababu humo uziwi karibu hauonekani. Kinachoonekana ni kifo cha kaka yake, George, ambacho Mary anajilaumu kwacho, na mvutano wa ardhi kati ya walowezi na Wawampanoag. Majirani wanaozungumza na Mary kwa ishara bila kusita hawaoni haya kuwadharau wenyeji wa ardhi wanayoilima. Mwandishi hakukipamba kijiji chake, na kwa hilo anastahili sifa.

Kisha anawasili Andrew Noble, mwanasayansi kijana kutoka Boston, akitafuta chanzo cha uziwi. Hatimaye anamteka Mary na kumpeleka bara awe sampuli ya uchunguzi. Huko hakuna anayejua ishara zake. Mwili wa Mary haujabadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watu wanaomzunguka. Tukilinganisha na Ada, msichana mwenye mguu uliopinda katika riwaya za Kimberly Brubaker Bradley kuhusu Vita vya Pili vya Dunia, ambaye mguu wake unafanyiwa upasuaji katika kitabu cha pili, tofauti ni bayana: LeZotte haurekebishi mwili wa Mary.

Hata hivyo, utekaji huo unaipunguzia riwaya uzito. Noble ni mwovu mno, na uovu wa namna hiyo msomaji huutambua upesi. Alexander Graham Bell, aliyewachunguza viziwi wa kisiwa hichohicho katika miaka ya 1880, hakumteka mtu. Mwaka 1883 alisimama mbele ya wanazuoni na kutahadharisha juu ya viziwi kuoana, nao wakamsikiliza kwa heshima. Sayansi yenye adabu ndiyo ya kuogopwa zaidi, na riwaya inaigusa kijuujuu tu.

Kitabu hiki kinastahili tafsiri ya Kiswahili, na hapo ndipo ugumu unapoanzia kwetu. Neno "bubu" linafaa kubaki vinywani mwa watu wa Boston pekee, maana Mary si bubu: ana lugha. Lakini lugha hiyo tuiiteje? Kenya husema lugha ya ishara, na Ibara ya 120 ya Katiba ya 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Tanzania husema lugha ya alama. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo inaitaka dola kuhimiza ukuzaji wa lugha hiyo, ila kwa Kiswahili haijapewa jina moja linalokubalika kote. Kwa kuwa neno hilo limo katika anwani yenyewe ya kitabu, mfasiri hawezi kulikwepa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingefaa kuwakutanisha viziwi wa nchi hizi waamue wenyewe, kabla ukurasa wa kwanza haujafasiriwa.