Barafu ya Kakao: Jinsi ya Kuijua Iliyo Bora

Barafu nyingi za kakao mitaani hupita kwa sababu ni za baridi na mtoto ana kiu. Mtoto anastahili zaidi ya hapo. Uwe unanunua kwa jirani mwenye friza au unagandisha mwenyewe nyumbani, shika jambo moja: ubora wa barafu huamuliwa jikoni, kwenye sufuria. Friza hugandisha kile ilichopewa.

Itazame

Iinue uimulike juani. Rangi iwe moja toka juu hadi chini. Ukiona tope jeusi limetuama upande mmoja na maji yaliyopauka upande wa pili, kakao haikupikwa ipasavyo. Unga wa kakao hauyeyuki kama sukari, ukiachwa, huzama. Kwa hiyo uponde kwanza kwa maziwa ya moto kidogo mpaka madonge yaishe, ndipo uumimine kwenye maziwa yaliyobaki pamoja na kijiko cha unga wa kastadi uliokorogwa kwa maziwa baridi. Koroga bila kupumzika hadi vichemke na kuwa uji mwepesi unaoshika kwenye mwiko. Uzito huo ndio unaoizuia kakao isitue.

Tope likiambatana na umbo lililopinda, huenda umeme ulikatika, barafu ikayeyuka na kuganda upya. Hiyo usimpe mtoto. Baridi haiui vijidudu, huvisimamisha tu.

Ing'ate

Jino liingie kwa ulaini. Barafu inayosagika kama kokoto ina chembe kubwa za maji: ama mpishi aliongeza maji kupunguza gharama, ama mchanganyiko uliingia kwenye friza ungali moto, ukaganda polepole. Upoze kabisa kwanza, utie kwenye vikombe vidogo bila kuvijaza hadi ukingoni, maana maji hutanuka yakiganda, kisha uvipange visigusane. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

Mafuta ya maziwa nayo hulainisha, kwa hiyo tumia maziwa yasiyoenguliwa malai. Kwa watu wa pwani, tui zito la nazi linafaa sana badala ya robo ya maziwa. Litie mwishoni, moto ukiwa mdogo, lisikatike. Tui lililokatika huacha punje za mafuta zinazonata kwenye kaakaa.

Imumunye mpaka mwisho

Hapa ndipo penye hukumu. Mwanzoni kila barafu ni tamu. Barafu mbovu, mtoto akiifyonza mara chache, rangi na sukari vyote humwishia mdomoni, akabaki ameshika kipande cheupe cha maji. Barafu njema hubaki kahawia na tamu hadi tone la mwisho.

Baridi hupunguza utamu ulimini, basi uji ukiwa moto uwe mtamu kidogo kuliko unavyopenda. Usizidishe, kwa sababu sukari nyingi huzuia mchanganyiko kuganda. Kwa lita 1 ya maziwa, gramu 120 hadi 150 zatosha, na vijiko 4 vya chakula vya kakao na chembe ya chumvi ya kuamsha ladha. Hakikisha ni kakao tupu. Unga wa kinywaji cha chokoleti aghalabu ni sukari iliyotiwa kakao kidogo, na barafu yake huwa na ladha ya sukari tu. Kakao halisi, kama inayotokana na mbegu za Kyela mkoani Mbeya zilizovundikwa na kukaushwa vizuri, ina uchungu wa kupendeza unaobaki mdomoni hata utamu ukishapita.

Kabla ya kuwagawia watoto, kula moja mwenyewe uimalize. Nusu ya pili ikiwa na ladha ileile ya kwanza, wagawie. Isipokuwa nayo, rudi kwenye sufuria, uongeze kakao na upike upya kwa subira.