Mieleka ya Joburg: tunachokumbuka na tunachoruka



Mashabiki wa mieleka hapa Johannesburg wakianza kukumbushana enzi zile, ni Jan Wilkens, Jan Wilkens, mpaka chai inapoa. Haya, jamaa alikuwa shujaa wa Makaburu miaka ya 1970, sibishi. Ila mbona hakuna anayeuliza nani aliruhusiwa kukaa viti vya mbele? Sheria ya 1953 ya kutenga kumbi na huduma kwa rangi ilifutwa 1990 tu!

Kwa maoni yangu, aliyeusema ubaguzi waziwazi ulingoni ni Mmarekani. Miaka ya 1980, Ed Wiskoski alijiita Colonel DeBeers kule AWA, kaburu anayechukia weusi, na watu wakalipa kiingilio kwenda kumzomea. Igizo la ovyo, lakini kila mtu alijua adui ni nani.

Sasa tazama 2012. Ray Leppan, mtoto wa hapahapa Joburg, anaingia NXT kwa jina la Leo Kruger, mwindaji wa porini. Siasa zote zimefutwa, imebaki mbuga. Wenzangu wanamshangilia, mimi namsikitikia Leppan.