Adhabu ya Mmoja, Kilio cha Wengi



Wako watu ambao wakisikia kuwa wanamichezo walemavu nao hupimwa mkojo na damu, ijulikane kama wametumia dawa za kuongeza nguvu, husema: "Masikini, hata hawa? Si wangeachwa tu!" Maneno haya yana sura ya huruma, lakini ndani yake mna dharau. Asemaye hivyo hakumwona mchezaji, ameona kiti cha magurudumu. Kipofu au kiwete huweza kuwa mwaminifu, na huweza kuwa mdanganyifu, kama mimi na wewe. Kumsamehe hesabu ni kumtoa katika idadi ya watu.

Kwa hivyo kanuni zenyewe hatuna ugomvi nazo. Tena katika michezo hii zina kazi ambayo kwengineko haipo. Wako wanariadha walioumia uti wa mgongo sehemu za juu ambao hujiumiza kwa makusudi mahali wasipohisi maumivu, au huzuia mkojo mpaka kibofu kijae, ili shindikizo la damu lipande na mwili upate nguvu za ghafla. Hapo hapana dawa iliyomezwa, wala kipimo cha mkojo hakitaona kitu. Lakini mtu huweza kupata kiharusi, na huweza kufa. Halmashauri ya Kimataifa ya Paralympiki imekataza jambo hilo, na mchezaji huweza kupimwa shindikizo la damu kabla hajaingia uwanjani, akazuiwa. Mwili ni amana. Kanuni inayomzuia mtu asiuuze mwili wake kwa nishani ni kanuni njema.

Ugomvi wetu uko kwenye adhabu. Hebu tutazame visa vitatu.

Cha kwanza ni cha Barcelona, mwaka 1992. Timu ya Marekani ya mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu iliishinda Uholanzi katika fainali. Kisha ikagunduliwa kuwa mchezaji mmoja alitumia dawa ya kutuliza maumivu iliyokuwa imekatazwa. Timu nzima ikanyang'anywa dhahabu, wakapewa Waholanzi. Mtu aweza kusema kuwa ushindi wa timu ni chungu kimoja, kikiingia uchafu hakigawanyiki. Hoja hii ina uzito. Lakini fikiri: ni walemavu wangapi wanaoishi bila ya dawa? Ndiyo maana siku hizi iko ruhusa ya matibabu, ambayo mgonjwa huiomba pamoja na maelezo ya daktari wake. Hata hivyo msingi umebaki pale pale: kilichokutwa mwilini mwako ni juu yako, ukikijua usikijue. Nia hutazamwa katika kukadiria muda wa kufungiwa, ambao huweza kufika miaka 4 kwa kosa la kwanza. Mchezaji asiye na daktari wa kumwongoza hubeba mzigo huu peke yake.

Cha pili ni cha Sydney, mwaka 2000. Hapa hapakuwa na dawa, bali ulaghai ni ule ule. Hispania ilishinda mpira wa kikapu wa wenye ulemavu wa akili. Muda si muda mmoja wa wachezaji, aliyekuwa mwandishi wa habari, akafichua kuwa katika wachezaji 12, 10 hawakuwa na ulemavu wowote. Nishani ikarudishwa, na ilistahiki. Lakini mambo hayakuishia hapo. Halmashauri ilisema haina njia ya kuaminika ya kuhakikisha nani ana ulemavu wa akili, ikawafungia mlango wote wenye ulemavu huo, wa dunia nzima. Wakarudi London, mwaka 2012. Walioibiwa ndio waliofungiwa! Na aliyekuwa kiongozi wa shirikisho lao huko Hispania, mahkama ya Madrid ilimtoza mwaka 2013 faini ya euro 5,400. Pima mwenyewe, msomaji: upande mmoja miaka 12 ya wasio na kosa, upande wa pili faini ile.

Cha tatu ni cha Urusi. Mwaka 2016 uchunguzi wa Profesa Richard McLaren ulionyesha kuwa vipimo vichafu vilifichwa kwa mkono wa wakubwa wa serikali. Tarehe 7 Agosti Halmashauri ikaifungia Urusi yote isiende Rio, na tarehe 23 mahkama ya michezo ikaikubali hukumu hiyo. Hapa hatuwezi kulaumu upesi. Ikiwa anayetunza mizani ndiye mwizi, cheti cha msafi nacho hakiaminiki. Lakini yule kijana aliyefanya mazoezi miaka 4 bila ya kugusa kitu, alikosa nini? Mwaka 2018, PyeongChang, baadhi ya Warusi waliotimiza masharti makali waliruhusiwa kushindana bila ya bendera yao. Basi njia ilikuwapo! Ingetafutwa mapema, hata kama ni ya taabu.

Wenyewe husema samaki mmoja akioza wote huoza. Ni kweli, kwa samaki. Samaki hutupwa jaa na tenga likaoshwa. Mtu hatupwi, mtu huulizwa, akajibu, akapimwa peke yake. Mwalimu anayechapa chuo kizima kwa kuwa mtoto mmoja amechukua kalamu ya mwenziwe, hakumpata mwizi. Amewafundisha waaminifu kuwa uaminifu hauna faida.

Basi wapimwe walemavu kama wanavyopimwa wengine, na mkosa aadhibiwe, na aliyemwamuru aadhibiwe zaidi. Lakini kila mmoja ahukumiwe kwa kitendo chake. Heshima tunayowadai wenzetu hawa ni hiyo, wala si huruma.