Tahakiki ya Injini Isiyo na Pistoni

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusoma miswada ya watu na kuamua moja kati ya mambo mawili: kuusahihisha mswada, au kumrudishia mwenyewe aandike upya. Sikutegemea kwamba uzeeni ningetakiwa kutoa uamuzi wa namna hiyo juu ya injini ya gari. Lakini ndivyo ilivyotokea, na kwa kuwa kosa lilianzia kwangu, ni haki nianze kwa kukiri.

Mwanangu alipokwenda kusoma ng'ambo aliniachia gari lake, Mazda RX-8, lililotoka Japani likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo magari mengi ya hapa Dar es Salaam. Aliniambia, "Baba, usiliwashe kama huna safari. Ukiliwasha, liendeshe mpaka lipate moto, ndipo ulizime." Mimi nilishika neno moja tu, kuliwasha. Kila asubuhi nililiwasha, nikalisogeza hatua kumi kutoka chini ya mwembe ili pafagiliwe, nikalizima. Jioni nikalirudisha vilevile. Nilidhani nalitunza. Baada ya miezi kadhaa likakataa kuwaka.

Fundi alichomoa plagi, akazungusha injini kwa stata, akaniambia nitege sikio. "Mzee, rota moja ina nyuso tatu. Lazima usikie pumzi tatu zilizo sawa." Rota ya mbele ilipumua sawasawa. Ya nyuma ilitoa pumzi moja ya nguvu na mbili hafifu. Akanieleza kwamba ncha moja ikivuja, nyuso mbili zinazopakana nayo hupoteza kompresheni.

Kwa faida ya msomaji asiyeijua injini hii, nieleze kidogo. Haina pistoni wala valvu. Ndani ya chumba chenye umbo la namba nane iliyonenepa huzunguka rota ya pembe tatu, na kila uso wa rota huvuta hewa na petroli, huibana, huiunguza na kutoa moshi, kwa zamu. Rota ikizunguka mara moja, shafti huzunguka mara tatu. RX-8 ina rota mbili, na zote pamoja hazizidi lita 1.3, lakini shafti huzunguka hadi kiasi cha mara 9,000 kwa dakika bila kutetema. Kwenye kila ncha ya rota kuna sili, kipande chembamba cha chuma kinachokwaruza ukuta wa chumba muda wote, na kinachokilinda ni utando wa oili tu. Injini ikiwa baridi humwagiwa petroli nyingi. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli ile hubaki ndani na kuosha oili ukutani. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafanya asubuhi na jioni, kwa moyo safi kabisa.

Nikapewa ushauri wa aina mbili, na hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuihakiki.

Fundi mkubwa alisema tuing'oe, tutie 1JZ ya Toyota. Hoja yake ni nzito. Injini hiyo kila fundi anaijua, spea zake zimejaa mjini, na haimuulizi mwenye gari amelala vipi. Rota hula petroli kuliko ukubwa wake unavyoonyesha, tena huunguza oili kwa makusudi, kwa maana oili hunyunyizwa ndani ili kulainisha zile sili. Asiyepima oili mara kwa mara huiua bila kujua. Hayo yote ni kweli, na mhakiki anayeyaficha kwa sababu anaipenda kazi ni shabiki tu.

Hata hivyo, 1JZ ni silinda sita katika mstari mmoja, bloku yake ni ya chuma cha kalibu. Waliolichora gari hili waliiweka injini ndogo nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele ili uzito wa mbele na wa nyuma ukaribiane. Ukiweka injini ndefu na nzito, pua italala na gari litasahau namna ya kukata kona. Ni kweli wapo Wamarekani wanaotia injini za V8 za bloku ya alumini katika RX-7 bila kuongeza uzito mwingi, kwa hiyo hoja ya uzito si amri ya mbinguni. Lakini kubadili si kuinua na kushusha tu. Giaboksi nayo hubadilika, vishikizi hutengenezwa upya, nyaya huunganishwa upya, na namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari hubidi kurekebishwa. Ni mswada mpya ndani ya jalada la zamani.

Fundi kijana yeye alisema, "Maadamu tunaifungua, tuiongezee nguvu." Alitaka kupanua matundu ya hewa na kufunga turbo. Huyu aliipenda injini, na kwa hiyo ushauri wake ulinipendeza kwanza. Nilipoutafakari niliuona una kasoro kubwa zaidi. RX-8 ilizaliwa bila turbo, na hubana hewa kwa uwiano wa 10 kwa 1. Turbo huongeza joto na msukumo juu ya sili zilezile ambazo mimi nilishindwa kuzitunza katika hali ya kawaida. Mswada ukiwa na dosari katika sura ya pili, hauponi kwa kuongezewa sura ya kumi.

Historia ya injini hii inatufundisha. Wazo lilikuwa la Mjerumani Felix Wankel, na kampuni ya NSU ya hukohuko ilitoa gari la Ro 80 mwaka 1967. Lilisifiwa sana, likawa Gari la Mwaka la Ulaya la 1968. Lakini sili ziliisha mapema, na kampuni ikalazimika kubadili injini nyingi kwa gharama yake. Mwaka 1969 NSU ikaunganishwa na Auto Union chini ya Volkswagen. Baadhi ya wenye Ro 80 waliochoka walitia injini ya V4 ya Ford, kwa sababu ilikuwa fupi na iliingia. Magari yao yalitembea, na sithubutu kuwalaumu. Ila V4 ile ilikuwa na kelele na mtetemo, na sifa kuu ya Ro 80 ilikuwa utulivu wake.

Mazda nao walinunua haki ya kuunda injini hiyo mwaka 1961. Wahandisi wa Kenichi Yamamoto walikuta mikwaruzo kwenye kuta za chumba, wakaiita kucha za shetani. Hawakuongeza nguvu kwanza, bali walitafuta sili nyingine, ya kaboni iliyochanganywa na alumini, mpaka mikwaruzo ikakoma, na Cosmo Sport ikatoka mwaka 1967. Nguvu ilikuja baadaye: mwaka 1991 gari lao la 787B, lenye rota nne, lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, gari la kwanza la Kijapani kufanya hivyo. Na RX-8 ilipokoma mwaka 2012, hawakuitupa injini. Mwaka 2023 waliirudisha katika MX-30, rota moja tu, ikizalisha umeme wa betri badala ya kuendesha magurudumu. Waliitafutia kazi inayolingana na tabia yake.

Kwa hiyo nilijipangia hoja. Kurekebisha ni kuondoa dosari inayoizuia kazi kuwa yenyewe; kuongeza nguvu kabla ya hapo ni kujionyesha. Kubadili ni halali pale tu mwenye kazi anapokiri kwamba hawezi kuipa inachohitaji. Nikaona niifungue, nitie sili mpya na koili mpya za plagi, niache mengine kama yalivyochorwa. Nilijivunia uamuzi huo. Kisha nikakumbuka kwamba si gari langu.

Nilimpigia mwanangu, nikamweleza yote, pamoja na mwembe. Akanyamaza kidogo.

"Baba, ulikuwa unalizima hapohapo?"

"Hapohapo."

"Shida si sili. Mtazame ukuta wa chumba cha nyuma. Kama umechubuka na chumba kingine hakipatikani, weka ya Toyota. Mimi nataka gari la kwendea kazini nikirudi."

Nilikuwa nimemwandalia utetezi mrefu wa injini yake, naye alikuwa ameshafika mbele yangu. Aliipenda vya kutosha kumwonya baba yake, lakini hakuipenda kiasi cha kuifanya mzigo wa watu wengine. Katika miaka yangu ya uhariri niliona waandishi wachache wenye moyo huo kwa kazi zao.

Juzi tuliifungua. Sili moja ya rota ya nyuma imelika, na ukuta una mchubuko ambao ukipitisha ukucha unakwama. Chumba kingine kimeagizwa Japani, nami ndiye ninayelipa, kwa fedha niliyokuwa nimeiweka ya kupaka nyumba rangi. Kikifika kizima, tutaifunga kama ilivyokuwa. Kisipofika, fundi mkubwa atapata kazi yake, nami sitakuwa na neno. Kwa sasa rota mbili zimelala juu ya meza ya gereji, zimefunikwa kanga, na chini ya mwembe panafagiliwa bila taabu.