Trilogie de la Mort: Mvumo Unaokumeza Mzima

Nimetoka kuisikiliza Trilogie de la Mort ya Éliane Radigue kwa mara ya kwanza, yote, sehemu ya kwanza hadi ya tatu, na hili haliwezi kungoja kesho. Hamna ngoma humo. Hamna mwimbaji, wala tuni ya kupigia mluzi ukiwa njiani. Kuna mvumo tu, mzito, mrefu, unaoanzia chini kabisa kwenye besi na kutanda chumba kizima, na nawaambieni kweli, sijasikia siku nyingi muziki wenye mambo mengi kiasi hiki!

Sisi tuliolelewa na taarabu na dansi tumezoea kusubiri. Tunajua kiitikio kinakuja, tunajua gitaa litaachiwa nafasi, na utamu wenyewe uko katika kujua. Hapa hakuna cha kusubiri. Dakika za mwanzo za Kyema, sehemu ya kwanza, sikio linahangaika likitafuta pa kushika, halipati, kisha linaacha kutafuta. Ndipo mambo yanapoanza.

Ndani ya mvumo kuna mapigo. Hakuna anayeyapiga, yanazaliwa yenyewe. Chukua sauti mbili zinazokaribiana mno, moja inatetemeka mara 100 kwa sekunde na nyingine mara 101: zikikutana hewani, zinavimba na kunywea mara moja kila sekunde. Sogeza moja kidogo tu, mapigo yanakuwa mawili, matatu, kisha yanageuka mkwaruzo wa kupendeza unaousikia hadi kifuani. Radigue anajenga nyumba nzima kwa jambo hilo moja. Juu ya besi zinachomoza sauti nyembamba, kama kengele za mbali, na ukizikazia sikio unakuta zilikuwapo tangu zamani.

Na mabadiliko yake! Unaapa kwamba sauti ni ileile, hadi unapong'amua uko mahali pengine kabisa na hukumbuki ulivukaje. Nilirudisha nyuma kutafuta pale hasa ilipogeuka. Hapapo. Kila kipande ukikisikiliza peke yake kimetulia, hakiendi popote, lakini ukilinganisha mwanzo na dakika ya ishirini ni dunia mbili. Nimevutiwa na wanamuziki wengi wa utulivu, na Brian Eno, aliyelipa jina kundi hili la muziki kwa albamu yake ya viwanja vya ndege ya mwaka 1978, ana nafasi yake kwangu. Ila Eno anakuruhusu kuendelea na shughuli zako. Radigue hakuruhusu. Nilikuwa na kazi ya kumalizia mezani, sikuigusa.

Mama huyu alizaliwa Paris mwaka 1932. Alipokuwa akiishi Nice, karibu na uwanja wa ndege, alikuwa akizisikiliza ndege zikipita juu, na kwake kelele hiyo ilikuwa muziki tayari. Baadaye alifanya kazi na Pierre Schaeffer na Pierre Henry, mabingwa wa Ufaransa wa kukata na kuunganisha sauti zilizorekodiwa kwenye utepe. Miaka ya 1970 ilipoanza alikwenda New York, akarudi Paris na sinthesaiza kubwa aina ya ARP 2500, na kibodi yake akaiacha hukohuko Marekani! Hakutaka kishawishi cha kubonyeza noti. Alitaka vitufe vya kuzungusha tu, kwa kiasi cha unywele, polepole, huku utepe ukizunguka. Kidole kikiteleza, kazi ya muda mrefu imeharibika, anaanza upya. Subira hiyo unaisikia katika kila dakika.

Katikati ya miaka hiyo ya 1970 aliingia katika Ubuddha wa Kitibeti, akaacha muziki kwa miaka kadhaa. Aliporudi, Ubuddha ulirudi naye. Kyema inafuata hali za nafsi zinazosimuliwa katika Bardo Thodol, kitabu cha Kitibeti kinachosomwa kwa ajili ya wafu. Kailasha, sehemu ya pili, ni safari ya kuuzunguka mlima Kailash, wenye urefu wa mita 6,638, ambao mahujaji huuzunguka kwa miguu badala ya kuupanda. Mwaka 1989 mwanawe, Yves Arman, alikufa katika ajali ya gari. Koumé, sehemu ya tatu, ilikamilika mwaka 1993. Ukilijua hilo, unasikiliza kwa namna nyingine. Lakini hata kama ningekuwa sijui, pale Koumé inapofumuka na kujaza kila pembe ningejua kwamba kuna mtu amepita mahali pazito.

Kwa anayeanza, Kailasha ndiyo ngumu. Inatikisika, haikuachi ukatulia, na mimi ningeishika baada ya nyingine mbili kuniingia. Na tafadhali, msiisikilize kwa spika ya simu. Spika ndogo haiwezi kutoa zile sauti za chini, na hapo nusu ya kazi imepotea. Hedfoni zinafaa, ila spika mbili za kweli chumbani zina ajabu yake: sauti inayoshikiliwa muda mrefu hugongana na kuta, hukusanyika hapa na kufifia pale, kwa hiyo ukigeuza kichwa tu, muziki unabadilika. Nilisimama, nikasogea hadi dirishani, sauti moja ikafutika na nyingine ikajitokeza. Nikarudi kitini, ya kwanza ikanipokea. Nimetembea ndani ya kazi ya mtu!

Sasa naiandama OCCAM Ocean, aliyoianza mwaka 2011 baada ya kuziweka pembeni mashine zote, akishirikiana na wapiga ala za kawaida: kinubi, chelo, tuba. Nataka kusikia mapafu ya mpuliza tuba yakibeba uzito uleule uliokuwa wa umeme, na nataka kusikia leo usiku.